Wali wa Ilemba na Chungu cha Uvunguni

Mama, shikamoo.

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Sehemu hiyo naiacha. Hali yako ninaijua, maana mimi ndiye niliyekuosha.

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaikatiza, kwa kuwa sikuwa na habari ambayo wewe hukuwa nayo. Kwamba mwanao Kaspari bado yuko kwenye kambi ya barabara na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, unajua. Kwamba wanawake wa kijiji wananipisha kisimani kama wanavyompisha mbwa mwenye kichaa, hilo nalo ulilianzisha wewe mwenyewe ukiwa hai. Wanasema nilikuua kwa njaa. Lakini jana asubuhi binti yako Otilia alisimama mlangoni pangu, na alichoniambia kimenifanya nitafute kalamu. Nitakifikia. Ulizoea kusema mwanamke wa Kyela hawezi kutoa habari mpaka auzunguke mlima kwanza. Basi niache nizunguke.

Kyela ulikuwa ukiniita mimi. Jina langu ulilijua, Kaspari alikutajia siku aliponileta kutoka Chanji, pale Sumbawanga mjini, ambako baba yangu aliishi baada ya kuhamishwa kikazi kutoka Kyela, Mbeya. Ukalijaribu mdomoni mara moja, ukasema linachosha ulimi. "Nitakuita Kyela. Ukifanya vibaya, aibu iende kwenu." Nikacheka, nikidhani unatania. Miaka yote ile sikupata kujua kama ulikuwa unatania.

Wakati ule tulikuwa tumehamia tu kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama meno, na wewe ulikuwa bado hujamsamehe mtu yeyote. Vitu vyote vya kwenu vilipakiwa kwenye lori la uhamisho, isipokuwa chungu kimoja kikubwa cheusi. Hicho ulikibeba mwenyewe kichwani, ukatembea nyuma ya lori, ukila vumbi lake. Tulipovuna ulezi wa kwanza hapa ukakijaza mpaka shingoni. Ukanituma udongo wa kukiziba. Nikakuletea udongo wa njiani, wenye mchanga. Ukauchukua, ukaupima kwa vidole, ukaurusha mlangoni. "Kyela, kwenu mnaziba vyungu kwa uji? Lete udongo wa kichuguu." Nikaenda kichuguuni. Ukauponda na maji, ukaufinyanga juu ya kifuniko, ukazunguka ukingo wote ukibonyeza kwa dole gumba lako la kulia, lile lenye ukucha uliopasuka katikati. Kila ulipobonyeza pakabaki alama yenye ufa.

Ukaniambia huo ni ulezi wa pombe ya matanga yako. "Watoto wangu ni wavivu. Watu watakuja kunililia waondoke na koo kavu. Mimi siwezi kulala huko nikijua hivyo." Tukakisukuma pamoja uvunguni mwa kitanda chako. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho, ukiwa hai, kwa mkono wangu kufika uvunguni mwako. Kwenu mke wa mwana uvungu wa mkwe hautaji hata kwa maneno, sembuse kuingiza mkono.

Halafu ukaanza kuvimba. Kwanza macho, asubuhi. Kisha miguu, hata nikikubonyeza mguuni shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Tukaenda Sumbawanga, hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema figo zako zimechoka kuchuja, na kwamba chakula kinachotupa sisi nguvu, kwako wewe ni mzigo. Akaanza kutaja vya kuacha: ulezi, dona, maharage, ndizi, chumvi. Kila neno lilikuwa kama mtu anayebeba kitu kutoka nyumbani kwako. Nikamuuliza sasa ale nini. Akasema wali, mchele mweupe uliokobolewa sana. Sembe nyeupe, pumba zote zitoke. Viazi na muhogo, lakini vimenywe, vikatwe vidogo vidogo, vilowekwe, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Akanieleza kwamba ndani ya zile pumba, na ndani ya punje nyekundu ya ulezi isiyokobolewa, mna madini ambayo figo zilizochoka haziwezi kuyatoa. Yakijaa mwilini, moyo unaweza kusimama tu, mtu akiwa ameketi.

Ukaniuliza kwa Kifipa amesema nini. Nikakueleza yote. Ukamtazama viatu, ukamtazama uso, ukasema, "Mwambie hicho ni chakula cha maiti."

Daktari akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia amesema amesikia.

Tukarudi mpaka tukaliona bati la shule ya kijiji. Ndipo ukasema, "Ulezi ni wewe uliyemwambia aukataze. Wali ni chakula cha kwenu. Mmekubaliana kwa macho, nimewaona."

Tangu siku hiyo ndiyo ikawa kesi yangu kijijini. Binti wa Kyela amemgeuza mama wa watu kuwa mtu wa Kyela.

Mchele haukuwapo hapa kwetu. Watu wa hapa wali waliuona Krismasi, na hata Krismasi si wote. Ulikuwa bondeni, Ilemba. Mimi nilikuwa na maharage yetu, yale yale niliyokatazwa kukupa. Nikawa nayabeba kichwani, nateremka ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu, kutoka kwenye baridi ya huku mpaka kwenye joto la bonde, nabadilishana maharage kwa mchele, napanda tena. Njia ya kupanda ndiyo inayomfundisha mtu majina yote ya watakatifu. Safari moja mgambo akanisimamisha kwenye kizuizi, akatia mkono kwenye mfuko, akasema mimi ni mlanguzi. Nikamwambia nina mgonjwa. Akasema, "Kila mlanguzi ana mgonjwa." Akajimiminia kwenye kofia yake, akanipa ruhusa nipite. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema yule ni mtu mwenye akili, angenioa yeye badala ya Kaspari.

Mchele wa Ilemba ulitwangwa kwa mkono, una pumba bado, mwekundu mwekundu. Nikawa nautwanga tena uani mpaka uwe mweupe kama jino la mtoto. Pumba zilizobaki nikawapa kuku. Ulikuwa ukikaa kwenye mkeka jua likikupiga mgongoni, ukiniangalia. Kuku wakanenepa. Wewe ukakonda kila mahali palipokuwa hapajavimba. Mama Paskalia, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, alipokuja kukujulia hali, ukamwonyesha wale kuku kwa kidevu. "Kuku wa nyumba hii wamepata mkwe mwema. Mimi nimepata Kyela." Jioni ile ile maneno hayo yakawa yamefika mstari wa mwisho wa nyumba.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikuwa imegoma, watu wanapanga foleni ya mahindi ya msaada, ugali una rangi ya nta na harufu ya gunia. Na wewe unakula wali kila siku. Hakuna aliyekuja kuonja akajua kwamba hauna chumvi, hauna maharage, hauna chochote isipokuwa weupe. Walinusa tu mvuke wake wakipita, na mvuke wa wali, mama, hausemi kwamba hauna chumvi.

Sasa lile la uji. Huku kwenu mgonjwa hupelekewa uji wa ulezi. Kila nyumba na kibuyu chake, na mwenye nacho huonja kwanza mbele yako. Kibuyu hakirudi kikiwa kimejaa. Kikirudi kimejaa, umemwambia aliyekileta kwamba ni mchawi. Na mwaka ule wa njaa watu walikukwangulia ulezi kutoka chini ya maghala yao, waliwanyima watoto wao wakupe wewe. Walikupenda. Kila kibuyu kilichoingia mlangoni kilikuwa kimetoka mdomoni mwa mtu, na kila kimoja kingeweza kukuua.

Sikuweza kuwarudishia. Sikuweza kuumwaga, mwaka kama ule. Nikawa naupokea kwa mikono miwili, nasema asante, naingia nao jikoni, nanywa mimi. Nilikunywa uji wako, mama, asubuhi na jioni, nimegeukia ukuta. Na mwili wangu haukuwa na adabu. Ukanenepa. Watu wote wamekauka, mimi mashavu yanang'aa. Kwenye shamba la kijiji, tukiwa tunatengeneza ntumba, vile vilima vya udongo na majani, wanawake wakaanza kunipongeza wakidhani nina mimba. Otilia akainua jembe lake, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Hana mimba huyu. Ana mama mkwe."

Walicheka mpaka kazi ikasimama. Mimi pia nilicheka. Ungefanyaje? Lilikuwa neno zuri.

Na wewe ulijua. Ulinisikia nikimeza, ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito. Wakija wageni, wanakuuliza kama uji wao ulikufaa, unawaambia, "Muulizeni Kyela. Mimi naambiwa ulikuwa mtamu."

Kilichoniumiza zaidi ya maneno hayo ni kile chungu. Ulipozidiwa na ugonjwa uliomba kitanda kigeuzwe, ulale ukielekea ukutani ambako chungu kilijitokeza nje kidogo, mkono wako ukining'inia ukigusa shingo yake. Ulisema unataka kusikia ubaridi. Mimi nikawaza, anakula. Niliposhuka Ilemba Otilia ndiye aliyekaa nawe, na Otilia alikuwa amekwisha apa mbele ya watu kwamba mama yake hatakufa na hamu ya ulezi. Kila ulipotapika nilitazama matapishi kwanza rangi yake. Nimesema niandike kweli. Nilikuwa nakufuta mdomo huku natafuta wekundu. Sikuuona, lakini niliendelea kuutafuta, na kuinama uvunguni sikuthubutu. Nikawa natembea ule mlima nikijiambia kwamba labda nabeba mchele wa kumpikia mtu ambaye nikigeuka tu anakula kifo chake kwa kijiko.

Kulikuwa na siku nzuri pia. Siku moja nilichemsha viazi mara mbili kama daktari alivyoelekeza, nikaviponda, nikakamulia ndimu iliyotoka kwa dada mmoja wa kanisani. Ulikula vyote. Ukalamba kidole. Ukasema, "Leo umejisahau, umepika." Nililiweka neno hilo kama watu wanavyoweka kitenge kipya. Mpaka leo silivai ovyo.

Halafu ukaacha kunitukana.

Ilikuwa mchana, nilikuja na sahani. Ukanitazama, pumzi yako ina harufu ile ya mkojo, ukasema, "Kyela, tafadhali, chumvi kidogo." Hukuwahi kuniambia tafadhali. Sikukupa, mama. Nilidhani kesho ipo, nikasema, "Kesho nitamuuliza daktari." Ukasema, "Asante." Nikaiacha sahani chini, nikatoka kutafuta mtu wa kumpelekea Kaspari habari. Kaspari alikukuta unapumua bado, lakini ulikuwa huongei na mtu.

Sasa nikupe ya matanga, maana hukuyaona. Wanawake walikusanyika nyumbani kwako kuloweka ulezi wa pombe. Otilia akasema kuna chungu chako, kiletwe. Wakanituma mimi, kwa kuwa sasa hukuwapo wa kuonewa haya. Nikainama uvunguni. Nikakivuta kwa mikono miwili mpaka mlangoni kwenye mwanga, mbele yao wote.

Udongo ulikuwa mzima. Umekauka, umekuwa mgumu kama tofali, na kuzunguka ukingo wote alama za dole gumba lako, kila moja na ufa wake. Hapakuwa na pengo. Hapakuwa na mahali palipofinyangwa upya. Nikakaa chini pale pale. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na maneno mengi kuliko siku ya harusi yangu. Ulikuwa na ulezi mkononi, mama. Mkono ulikuwa juu yake mchana na usiku. Na hukuula. Ulikula wali wangu.

Nikainua uso nikiamini kwamba nao wameona. Na kweli walikuwa wameona. Mama Paskalia akatikisa kichwa. Otilia akavua kanga yake ya begani, akajifuta macho, akasema, "Mnaona? Hata chungu chake mwenyewe alinyimwa kukifungua."

Basi likawa hilo. Chungu chako kikawa shahidi wao. Wakalia upya, kwa nguvu zaidi, na mimi ndiye niliyepewa mchi wa kuuvunja udongo. Nilijaribu kuvunja pasipo na alama. Hapakuwapo. Pombe ilikuwa nzuri, mama, hakuna aliyeondoka na koo kavu. Waliinywa wakinitazama. Mimi sikuonja, wakasema dhamiri inanisuta.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo mpaka jana.

Jana Otilia hakubisha hodi, alisimama tu. Macho yamefura, yamebaki mistari. Amevaa viatu vya mumewe kwa kuwa vyake havimwingii. Akasema, "Wifi, ule wali wa mama ulikuwa unaupikaje?"

Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Akasema amekwenda, ni daktari yule yule, na maneno ni yale yale. "Alipoanza kunieleza nikamwambia asijichoshe, nina wifi yangu."

Nikamkaribisha. Hakuingia. Akashika mwimo wa mlango, akasema anachotaka kusema atasema akiwa nje, akishaingia atashindwa. Akaniambia kwamba safari yangu moja ya Ilemba alikivuta kile chungu. Akakwambia, mama, nikupikie uji, Kyela hayupo, nani atajua? Ukamchapa mkono kwa mwiko. Akanionyesha mkono kana kwamba alama bado ipo. Ukamwambia, "Kiache. Mtoto wa watu anapanda mlima na mchele kichwani, na wewe unataka nimtapikie?"

Nikamwambia, "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ya matanga ulijua."

"Wifi, watu wote walikuwa wananitazama mimi. Binti wa marehemu lazima aseme kitu."

Sikumtukana. Nimefikiria usiku kucha matusi ambayo ungemtukana wewe, na mengine ni mazuri kweli, lakini wakati ule sikuwa na hata moja. Nilimwingiza jikoni, nikainama nikapuliza moto. Nikamwonyesha namna ya kutwanga mara ya pili, namna ya kuutazama mchele kwenye mwanga kama bado una wekundu. Maji mengi. Chumvi usiiweke karibu na jiko, mkono una mazoea. Viazi vilowekwe tangu jana yake. Uji wa jirani upokee, umpe mumeo, au niletee mimi. Mimi jina langu limekwisha haribika, halina la kupoteza. Alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikampakulia.

Akatia mdomoni. Akatafuna. Akapindisha mdomo upande wa kushoto, ule upindaji wenu, nikageuka nisionekane. Akasema, "Wifi, hii ni adhabu." Nikamwambia, "Kula." Akala wote. Akasugua sahani kwa kidole.

Nilidhani akitoka atawaambia. Nilisimama nyuma ya mlango kumsikiliza akipita kisimani, maana walikuwapo, na Mama Paskalia alimuuliza kwa sauti ametoka wapi. Otilia akajibu, "Nimetoka kwa Kyela kula chakula cha maiti. Kuku wake wanakula vizuri kuliko mimi." Wakacheka wote. Na yeye akacheka, kwa kicheko chako.

Nilikaa chini kwenye kigoda chako. Sijui kwa nini ulinitukana uani na kunitii chumbani. Labda hapakuwa na mahali pengine pa kumweka mtu aliyekuambia kwamba ulezi ni sumu yako. Ulihitaji kumchukia mtu, na mimi nilikuwa karibu. Ungeweza kuniambia mara moja tu. Hukuniambia. Nimelikasirikia hilo, mama, na bado nitalikasirikia kwa muda.

Nikuage sasa, moto unazimika. Ulezi wa chungu chako sikuutoa wote kwa pombe. Nilibakiza konzi moja kwenye kona ya kanga, nikaupanda nyuma ya nyumba, na umeshachanua vidole. Nikivuna nitakijaza chungu, nitakwenda kichuguuni mwenyewe, nitakirudisha uvunguni. Ulezi wa mwaka huu hautakuwa wa matanga ya mtu. Kesho nateremka Ilemba na maharage, nikimkuta yule mgambo nitamwambia mgonjwa ni mwingine. Pumzika, mama. Otilia nitamlisha kama nilivyokulisha, wala sitamwomba aniseme vizuri kwa watu. Akiacha kunitukana, hapo ndipo nitakapoogopa.

Mimi,
Kyela.